Kujenga Hunley kwa karatasi: ushauri kutoka meza moja ya Bukavu

Nyambizi yangu ya kwanza ya karatasi ilipendeza machoni, lakini kihistoria ilikuwa ya uongo. Niliijenga katika mvua za Novemba, nyumbani Nguba, kwa karatasi ngumu za bristoli nilizonunua Kadutu, na nilipoimaliza niliiweka juu ya kabati la vyombo ili mgeni asiweze kuketi bila kuiona. Ilikuwa mfano wa H. L. Hunley, chombo kilichoundwa mwaka 1863 mjini Mobile, Alabama, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Usiku wa tarehe 17 Februari 1864, nje ya bandari ya Charleston, chombo hicho kiliizamisha meli ya kivita Housatonic na kuwa nyambizi ya kwanza duniani kuzamisha meli vitani. Mbavuni mwa mfano wangu nilikuwa nimetokeza ribiti, yaani vichwa vya misumari inayounga mabamba ya chuma, zaidi ya mia mbili, moja baada ya nyingine, kwa kuisukuma karatasi kutoka nyuma kwa ncha ya sindano. Ribiti hizo hazikupaswa kutokeza hata moja.

Kosa halikuwa la mkono bali la chanzo. Nilikuwa nimefuata mchoro uliotokana na kumbukumbu za William Alexander, fundi aliyeshiriki kukiunda chombo chenyewe, lakini aliyezichapisha mwaka 1902, karibu miaka arobaini baada ya tukio. Ni vigumu kumtilia shaka mtu aliyeshika nyundo kwa mkono wake, na kwa muda mrefu watu waliamini, kama alivyoeleza, kwamba Hunley ilitokana na boila kuukuu lililorefushwa. Hunley yenyewe haikurudi kutoka shambulio lile; mabaki yake yaligunduliwa chini ya bahari mwaka 1995, na tarehe 8 Agosti 2000 yakapandishwa juu. Chuma kikasema mengine. Hakikuwa boila, bali chombo kilichobuniwa tangu mwanzo kwa kazi yake, chembamba, chenye ncha kali omo na tezi, yaani mbele na nyuma, na ribiti zake zilisawazishwa na bamba ili maji yapite bila kukwama. Mlingoti uliochomoza mbele ukibeba baruti, ambao michoro mingi iliuonyesha kuwa wa mti na kuuweka juu, ulikuwa wa chuma na ulifungwa chini kabisa ya omo. Hata mabaharia, waliodhaniwa kuwa tisa, walikutwa wanane.

Kwa hiyo, kabla hujagusa mkasi, chagua chombo ambacho mwili wake ungalipo. Wengi huvutiwa na Turtle ya David Bushnell, iliyojaribu kuishambulia meli ya Kiingereza Eagle katika bandari ya New York mwaka 1776, kwa sababu ni ndogo na inachekesha kidogo kwa umbo. Mimi nakushauri uiache kwanza. Chombo chenyewe hakikubaki, na mchoro wake unaonakiliwa zaidi ulichorwa mwaka 1875, karibu karne nzima baadaye, kwa hiyo unayeujenga unajenga dhana ya mtu mwingine. Kama huipendi Hunley, iko Brandtaucher ya Wilhelm Bauer, iliyoundwa Kiel mwaka 1850, ikazama katika majaribio Februari 1851, ikaopolewa mwaka 1887 na sasa imehifadhiwa Dresden. Umbo lake limekaa kama sanduku lenye tumbo, jambo linalomfaa anayeanza.

Turtle ina ubaya mwingine, nao unatokana na tabia ya karatasi. Karatasi hukubali kupindwa upande mmoja tu kwa wakati. Ukiilazimisha ijipinde pande mbili kama ganda la yai, hufanya makunyanzi. Umbo kama la Turtle huna budi kulikata vipande kama vya chungwa na kuviunganisha, na maungio yote yataonekana. Hunley ni rafiki wa karatasi. Katikati ni bomba la duara lililobanwa kidogo, na kuelekea omo na tezi linasinyaa hadi kuwa ukingo uliosimama wima kama wa shoka, kwa hiyo kila ncha inatoka katika vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, bila kunyanzi hata moja.

Kuhusu ukubwa, chagua skeli ya 1:50. Chombo kina urefu wa mita 12 hivi, kwa hiyo mfano utakuwa na sentimeta 24 na kipande kirefu kabisa kitaenea katika karatasi ya A4. Kwa 1:40 unapata sentimeta 30, yaani milimita chache tu kupita karatasi, na milimita hizo zitakulazimisha kuunga mwili mzima katikati.

Hapo ndipo nieleze jinsi nilivyopoteza wiki mbili. Ngozi ya nje niliichapisha siku ya kwanza katika kibanda kimoja cha fotokopi. Umeme ukakatika, nikarudi kesho yake kuchapisha viunzi vya ndani katika kibanda cha jirani. Kijana wa pale, kwa nia njema kabisa, aliiacha mashine ipunguze ukurasa ili uenee ndani ya pambizo. Upungufu wa asilimia tatu hauonekani kwa macho, lakini viunzi vilicheza ndani ya ngozi kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake, nami nikalaumu mkasi, gundi, hata macho yangu, kabla ya kulaumu karatasi. Tangu siku hiyo, kila ukurasa nauchorea mstari wa sentimeta 10 pembeni, na siondoki kibandani kabla sijaupima kwa rula.

Jambo la pili ni nyuzi. Kata kipande cha mraba cha karatasi yako, kilowanishe upande mmoja kwa kidole, kisha kitazame: kitajiviringisha chenyewe kama mkeka, na urefu wa msokoto huo ndio mwelekeo wa nyuzi. Nyuzi zielekee omo na tezi, nayo ngozi itauzunguka mwili bila kushindana nawe. Tumia gundi nyeupe ya seremala, kidogo, kwa ncha ya kijiti. Uji wa unga wa muhogo tuliogandishia tiara utotoni una maji mengi na huivimbisha karatasi. Wala usiharakishe kukausha. Mfano wangu wa pili niliusogeza karibu na mbabula, jiko letu la makaa, jioni ya mvua, ubavu mmoja ukakauka kabla ya mwingine, na asubuhi nikakuta nyambizi iliyopinda kama ndizi.

Vitu vya nje si vingi: minara miwili mifupi yenye milango ya kuingilia, mapezi mawili ya kuzamia mbavuni, vioo vidogo vya kuingizia mwanga vilivyopangwa viwili viwili mgongoni, rafadha inayokisukuma chombo na usukani. Ribiti, ukitaka zionekane, zichore kwa penseli kali na uishie hapo. Mlingoti nauviringisha kwa karatasi nyembamba juu ya spoku ya baiskeli, kisha naichomoa spoku. Wa asili ulikuwa na urefu wa karibu mita 4.9, kwa hiyo wako uwe sentimeta 9.8, ukiwa na mzigo wa baruti nchani. Wahifadhi walitangaza mwaka 2013 kwamba ncha ya mlingoti ilikutwa ingali na mabaki ya mfuko wa shaba wa mzigo huo, ishara kwamba kilo 61 za baruti zililipuka zikiwa bado zimefungwa hapo, chini ya mita sita kutoka kwenye chombo chenyewe. Mpwa wangu, aliyezoea kuona miti mirefu inayochomoza kwenye mitumbwi ya wavuvi wa sambaza ziwani Kivu, aliniuliza kama na hii ilikuwa ya kutegea wavu.

Ukipata ujasiri, acha upande mmoja wazi na uwatengeneze watu. Mtu wa kawaida katika skeli hii ana sentimeta 3.4, ilhali kimo cha ndani ni sentimeta 2.4 tu. Niliwakata saba, nikawakalisha kwenye benchi la upande wa kushoto, kila mmoja na mpini wake wa kuzungushia fito ya rafadha, na nikalazimika kuwainamisha migongo mmoja mmoja kwa kibano. Wa nane, kamanda George Dixon, ana nafasi yake mbele chini ya mnara, na huyo peke yake ndiye niliyeweza kumnyoosha, kwa kukiingiza kichwa chake ndani ya mnara.

«Mjomba, wanatokaje?» mpwa akauliza. Nikamwonyesha minara miwili. Akakipima kidole chake gumba kwenye mlango, kikagoma kupita, naye akarudia swali.