Unaulizia injini, huulizii sampo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Birmingham aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nina gari la kujiundia, lina injini ya Pinto. Nataka niitoe, niweke ya pikipiki, Yamaha R1. Nianzie wapi?"

Ujumbe wake ulinikuta ninatembea kifua mbele. Jumapili ile nilikuwa nimetoka Curborough, kile kiwanja kidogo cha mbio karibu na Lichfield, na gari langu lilikimbia kutwa nzima bila kudondosha hata tone la oili. Miaka mitatu nyuma, kiwanja hicho hicho kiliniumbua.

Sisi tunaoshika spana wikendi huku Uingereza tunayajua magari haya: chesi ya mabomba ya kuchomelea, umbo la Lotus Seven ya 1957, na vyuma vya ndani vya Ford Escort iliyokwisha kuzikwa. Langu nililiunda Coventry, na Pinto, ile injini ya Ford, ya lita 2. Injini ya heshima, haina makuu, ila chuma kitupu. Siku ya kuitoa nilikodi winchi. Siku ya kuingiza R1, pamoja na giaboksi yake ya gia sita, tuliibeba mimi na jirani yangu kama watu wanaohamisha kabati.

Na ile ni R1 ya 1998: cc 998, nguvu za farasi 150. Pinto yangu ilikuwa na kama 100, tena siku ikiwa na furaha. Gari likashuka kutoka kilo 590 hadi 478. Nani asiingiwe wazimu?

Mambo ya kukata chesi na kutengeneza mauntini za kushikia injini sikuchoshi nayo. Yalikula majira ya baridi yote. Ila kuna jambo moja zuri mno siwezi kuliruka. Unaigeuza injini ili ule ubavu wa kushoto, wenye sproketi ya mnyororo, utazame nyuma. Mnyororo unatupa, unafunga kiungio pale pale, unaunga propela hadi kwenye difu ya Escort. Na inazunguka upande ule ule difu inaoutaka! Siku magurudumu yalipozunguka mbele gari likiwa juu ya stendi, nilimpigia mama simu Tanga. Hakuelewa hata neno moja, lakini alifurahi.

Sasa aibu. Pikipiki ikipiga kona inalala, kwa hiyo oili inabaki chini pale pampu inapovutia. Gari halilali. Kona ikiwa ndefu oili yote inakimbilia upande mmoja wa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inavuta hewa, na injini ile inazunguka mara elfu kumi kwa dakika. Haina subira. Niliiona taa nyekundu ya oili ikiwaka kwenye kona, nikasema moyoni ni waya tu umelegea. Mimi ndiye niliyeunga waya zote, nilijua zilivyo. Raundi iliyofuata injini ikanoki. Ule mlio, kama mtu anagonga sufuria kwa nyundo, bado nausikia.

Mwenzetu mmoja akapiga picha gari langu likivutwa kwa kamba, akaituma kwenye kundi la WhatsApp: "Bodaboda imeishiwa abiria." Watu walicheka wiki nzima. Nimemsamehe. Picha bado ninayo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni sampo. Iwe fupi, iwe na kuta za chuma ndani za kuzuia oili isitoroke. Wa pili: nunua pikipiki nzima iliyoanguka, siyo injini peke yake, upate waya, kompyuta, swichi na ufunguo wake. Swichi ya stendi ya pembeni tu ilinizuia kuwasha siku mbili. Klachi nayo utailaani, maana injini haivuti resi ikiwa chini. Kwenye taa za barabarani nilizimika mara nne, nyuma yangu basi. Na hakuna rivasi. Sheria ya huku inadai gari linalozidi kilo 410 tupu liweze kurudi nyuma, kwa hiyo tenga hela ya boksi la rivasi kwenye propela au mota ya umeme. Waarifu DVLA, wale wanaosajili magari huku, na bima. Halafu rudi kwenye sampo.

Vijana, niwaambie ukweli. Mnapenda farasi. Mnaulizana farasi ngapi, spidi ngapi, inalia vipi. Hakuna aliyewahi kuniuliza presha ya oili kwenye kona. Hata mimi sikujiuliza, na nilikuwa na miaka arobaini na mbili, fundi mwana wa fundi. Baba yangu alikuwa akifika kwenye gari lolote anachomoa kwanza kijiti cha oili, hata gari la mgeni aliyekuja kula pilau. Tulikuwa tukimcheka.

Kaka wa Birmingham, injini uliyonitumia picha yake ni safi, inang'aa. Ipindue miguu juu, kisha unitumie nyingine.