Waanzie kwa Roland

Mwanangu Salma,

Umeniuliza shangazi yako na binti zake wakifika huko Bremen, Ujerumani, uwapeleke wapi kwanza, maana wana mchana mmoja tu. Tena ukauliza mbona mimi nilipokuja sikubanduka pale chini ya sanamu ya Roland, yule shujaa wa hadithi za kale aliye alama ya uhuru wa mji. Jibu ni moja: waanzie Marktplatz, uwanja wa soko, na wasimame kwa Roland.

Mimi nimeuza vitambaa Kariakoo tangu hujazaliwa, na ugomvi wa dukani naujua. Mara nyingi ni wa kipimo. Sasa mtazame Roland magotini. Toka ncha ya goti moja hadi la pili ni dhiraa moja ya Bremen, kama sentimita 55. Kipimo kipo hadharani, kwenye jiwe, katikati ya soko, na hakuna muuzaji awezaye kukipunguza. Nilipoelezwa hivyo moyo wangu ulijaa. Waliojenga soko lile walijua biashara.

Kisha waonyeshe anakotazama. Anaelekea kanisa kuu la St. Petri, la askofu mkuu aliyetaka mji uwe chini yake. Roland wa kwanza alikuwa wa mbao, na mwaka 1366 watu wa askofu walimchoma moto. Wenye mji hawakunyamaza. Mwaka 1404 walisimamisha huyu wa mawe, urefu wake zaidi ya mita 5, na ngao yake inatangaza uhuru wao. Mwaka uliofuata wakaanza kujenga Rathaus, jumba la baraza lao, hapo hapo kando yake. Ule ukuta wa mbele wa Rathaus wenye nakshi unaoupenda wewe ni wa baadaye, kazi ya mjenzi Lüder von Bentheim mwanzoni mwa karne ya 17. Ng'ambo ya uwanja ni Schütting, nyumba ya chama cha wafanyabiashara. Kwa hiyo ukisimama katikati unawaona wote watatu: kanisa, baraza na wenye maduka. UNESCO iliingiza Rathaus na Roland kwenye urithi wa dunia mwaka 2004, na ilistahili.

Watoto watataka wale wanyama wanne wa shaba, wanamuziki wa Bremen wa kwenye hadithi, kazi ya Gerhard Marcks. Wako pembeni ya Rathaus, upande wa magharibi. Wamshike punda miguu kwa mikono miwili, wapige picha, yatosha. Mboga na maua siku hizi huuzwa uwanja wa Domshof, hatua chache tu.

Wakirudi stesheni, usiwapitishe bila kuwaonyesha tembo wa matofali. Alijengwa kutukuza makoloni ya Ujerumani, na yetu ya Tanganyika ikiwemo. Mwaka 1990 mji ukamgeuza kuwa mnara wa kupinga ukoloni. Shangazi yako atakuwa na maneno yake pale, mwache aseme.

Mwambie avae viatu vya chini, uwanja wote ni mawe.

Mama yako