Re: Lushoto mwezi wa saba, nimpeleke mama?

Ndugu, umeuliza kama baridi ya Lushoto mwezi wa saba itamsumbua mama. Mpeleke, ila mfungashie sweta zito na soksi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai wastani wa mchana na usiku hukaribia nyuzi 15. Februari, kwenye joto, ni kama 20 hivi. Shida hasa ni alfajiri: ukungu unashuka bondeni, ukiongea mvuke unatoka mdomoni. Mombo, ule mji wa pale chini mnapoanzia kupanda mlima wa kwenda Lushoto, mtakuwa mnatoka jasho, kwa hiyo sweta lisiende kwenye buti la gari, alishike mkononi. Aprili ndiyo nisingemshauri, masika yale na utelezi!