Roketi ya Tanga itapita juu ya nani?

Barua za safari hii nyingi ni za waandishi chipukizi, na kwa maneno tofauti zinauliza jambo moja: kesho ninayoibuni inawezekana? Tumejibu kwa hesabu, maana hadithi ya kisayansi huvunjika pale msomaji mwenye kalamu anapoanza kuikokotoa.

SWALI: Katika riwaya yangu, Tanzania ya mwaka 2090 inarusha roketi kutoka Raskazone. Mwalimu anasema Tanga inafaa kwa kuwa iko karibu na ikweta. Ni kweli? (Mwanafunzi, Tanga mjini)

JIBU: Ni kweli, ila faida yake si ile inayosemwa sana. Inayosemwa ni msukumo wa bure wa mzunguko wa Dunia: inazunguka kuelekea mashariki, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa mita 465 kwa sekunde. Tanga, nyuzi 5 kusini, ni mita 463. Cape Canaveral ya Marekani, nyuzi 28.5 kaskazini, ni 409. Roketi inahitaji mita 7,800 hivi kwa sekunde ili ibaki kwenye mzingo wa chini, kwa hiyo tofauti ya mita 54 ni nauli ya daladala tu. Faida kubwa iko kwenye setilaiti za mawasiliano, zinazokaa juu ya ikweta kwenye kimo cha kilomita 35,786. Ukirusha kutoka mbali na ikweta, chombo kinalazimika kuchoma mafuta mengi ili kuupinda mzingo wake. Ndiyo maana Ulaya inarushia Kourou, Guyana ya Ufaransa, nyuzi 5 kaskazini: umbali uleule wa Tanga, upande wa pili wa ikweta.

Kinachokukwamisha ni ramani. Mashariki ya Tanga, yapata kilomita 60, kuna Pemba. Roketi huelekezwa baharini ili ikipasuka dakika za mwanzo, vyuma viangukie majini. Kutoka Raskazone, njia hiyo inapita juu ya vichwa vya watu. Ukihamia Bagamoyo, mbele yako kuna Unguja. Ama uandike kwamba Wapemba wamekataa (kwa maoni yetu, hiyo ingekuwa sura bora ya riwaya nzima), ama uweke jukwaa baharini, ng'ambo ya kisiwa. Jambo hilo limeshafanyika pwani hii hii: kati ya 1967 na 1988 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka majukwaa yaliyosimikwa baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani, ilipaa hapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Fundi wako ahangaike na chumvi inayokula vyuma, na oksijeni ya majimaji, ambayo huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Hujazwa saa za mwisho na kuongezwa hadi karibu na kuruka, kwa sababu inapotea kama mvuke muda wote. Tarehe ya kurusha iweke wakati wa maleleji. Katikati ya kusi jukwaa litayumba.

SWALI: Shikamooni. Mhusika wangu yuko Mirihi, anampigia simu bibi yake Pangani. Waongeeje? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Marahaba. Simu waiache kabisa. Mirihi ikiwa karibu nasi, kilomita milioni 55 hivi, mawimbi ya redio huchukua dakika 3 kufika. Ikiwa mbali, kilomita milioni 401, dakika 22. Mjukuu akisema shikamoo, marahaba ya bibi itamfikia baada ya dakika 6 hadi 44. Na maamkizi ya Pangani unayajua: za kuamka, za watoto, za shamba, za huko. Wakiyapokezana moja moja, jua litazama na hajasema lililompigisha simu. Watatumiana ujumbe wa sauti, na tunadhani adabu yenyewe itabadilika: anayetuma ataamkia, atajijibia mwenyewe, aingie kwenye habari kwa pumzi moja.

Chagua tarehe kwanza, tafuta umbali wa sayari siku hiyo, ndipo uandike mazungumzo. Tena, kila baada ya miezi 26 hivi Jua hukaa katikati ya Dunia na Mirihi. Mawimbi huvurugika, na wanaoendesha mitambo iliyoko kule husitisha kutuma amri kwa wiki mbili hivi. Bibi akiugua wiki hizo, kisa umekipata.

Safari nazo hufuata miezi 26 hiyohiyo, maana roketi husubiri sayari zikae mahali panapofaa. Perseverance, gari la utafiti la NASA (shirika la anga la Marekani), iliondoka tarehe 30 Julai 2020, ikatua tarehe 18 Februari 2021. Anayekosa nafasi ya kurudi anangoja nyingine. Waja leo, kuondoka majaliwa: kituo cha Mirihi kinaustahili msemo huu kuliko hata Tanga.

Hewa usiwape bure. Ndani ya Perseverance kulikuwa na kifaa kiitwacho MOXIE, kilichotengeneza oksijeni kutokana na kaboni dayoksaidi ya kule. Kati ya 2021 na 2023 kilitoa gramu 122 kwa jumla. Mtu mmoja hutumia gramu 840 hivi kwa siku, kwa hiyo kazi yote ile ni pumzi ya saa tatu na nusu.

SWALI: Na nyota iliyo jirani, tutafika? (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Proxima Centauri iko umbali wa miaka ya mwanga 4.24. Kwa kasi ya Voyager 1, chombo cha NASA kinachotoka nje ya mfumo wa Jua, kilomita 17 kwa sekunde, ni miaka 75,000 hivi. Haionekani kwa macho matupu, lakini jirani yake Alfa Centauri inaonekana Juni, saa tatu hadi nne usiku, ukitazama kusini.

SWALI: Huko Mirihi watalima machungwa? Nataka kujaribu kilimo chao nyumbani. (Mkulima, Muheza)

JIBU: Machungwa hapana. Hata mche wa kubebesha unataka miaka mitatu hivi, na mwanga wa Jua kule ni kama asilimia 43 ya wetu. Udongo wa Mirihi una chumvi za pakloreti, zilizogunduliwa na Phoenix, chombo cha NASA kilichotua kule, mwaka 2008, na chumvi hizo huizuia tezi ya shingo kupata madini joto. Wataanza na mboga za majani ndani ya maji yenye mbolea, na hilo unaliweza.

Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Toboa mfuniko matundu matatu, weka vikombe vya plastiki vilivyotobolewa, ujaze makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa kazi ya kamba yana chumvi; yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa. Tumia maji ya mvua, kwani visima vingi vya pwani ni vya magadi. Kwenye lita 20 yeyusha gramu 12 za mbolea ya haidroponiki (kilimo cha majini bila udongo) ya 4-18-38, kisha gramu 6 za magnesiamu salfeti, mwisho gramu 12 za kalsiamu naitreti. Ukizichanganya zikiwa nzito, kalsiamu hushikana na salfeti ikawa jasi nyeupe chini ya ndoo, na mmea unakosa vyote viwili.

Panda chainizi; saladi huwahi kutoa maua kwenye joto letu. Maji yaguse kitako cha kikombe siku ya kwanza, kisha yaache yashuke. Wengi huua mimea hapa: wanajaza tena hadi juu, na ile mizizi iliyokwisha kuzoea hewa inazama na kuoza. Yakikaribia kwisha, ongeza hadi robo ya ndoo tu. Paka ndoo rangi nyeupe na uiweke kivulini mchana, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Ndoo inayopitisha mwanga hufanya utando wa kijani unaokula mbolea. Mianya yote ya mfuniko izibwe, la sivyo utafuga mbu wa dengue.