Barua kwa mwanangu: babu yako alizaliwa mwaka gani

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku. Unasema fundi wa kaburi hapo Buhongwa anataka mwaka aliozaliwa babu ili achonge kibao, kitambulisho kinasema 1940, mjomba wako anabisha, sasa aandike upi. Nimeona nikuandikie kwa kirefu maana tukiongea kwa simu nitalia na wewe uko kazini.

Hiyo 1940 achana nayo kabisa. Siku ile ya kuandikishwa nilikuwa nimekaa naye benchi moja, karani akamuuliza mzee una miaka mingapi, baba akaanza kumweleza vizuri tu kwamba mama yake alimzaa wakati nzige wamemaliza mtama wote, yule kijana hata kichwa hakuinua, akaandika 1940 akaita mwingine. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu baba alikuwa mtu wa hesabu, yaani anakwambia jaruba la kule chini lilitoa magunia mangapi mwaka ambao wewe ulikuwa bado unatambaa.

Sasa twende taratibu. Nzige wekundu waliisumbua nchi hii miaka mingi kuanzia 1930 na kitu, kwa hiyo kwa nzige peke yake mwaka hatuupati. Ila kuna mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 50 wakulima wa pamba huku kanda ya ziwa walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaanza kuweka watu wao pale pale kwenye mizani wasome uzito, ndo zile harakati za kina Paul Bomani ambazo mwaka 1955 zilizaa VFCU, ule muungano mkubwa wa vyama vya ushirika wa pamba. Baba alikuwa msoma mizani huko Kwimba kabla hawajahamia huku, walimchagua kwa sababu alikuwa amefika darasa la nne na alikuwa hatishiki. Sasa kama kweli alizaliwa 1940, nani angemweka mtoto wa miaka 12 au 13 asimame mbele ya mnunuzi amwambie hapana, rudisha gunia pima tena? Mwenyewe alikuwa anasema ndevu zilikuwa zimeshaanza kuota na ile pamba ya msimu ule ndo ilinunua ng'ombe wa kwanza wa mahari ya bibi yako.

Alafu kuna 1958. Wakati huo walishavuka kuja huku, Kwimba ardhi ilikuwa imechoka na watu wamebanana, na Sengerema hii ilikuwa bado ni Geita. Mwaka huo watu wa Geita waligomea baraza la wilaya la kuchanganya watu wa rangi zote, Waafrika, Wahindi na Wazungu, alilowawekea mkoloni, wakaenda kwa maelfu mpaka Mwanza mjini kulalamika, wakapiga kambi, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Baba alikuwepo. Yeye hasa kilichompeleka ni faini za shamba, maana bwana shamba akikuta hujafunga matuta au hujapeleka samadi unalipa, na yeye alishalipa mara mbili. Aliondoka nyumbani mjomba wako mkubwa ameshaanza kukimbiza kuku. Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Na hapa niseme kitu ambacho sidhani kama unakijua. Yale matuta yaliyomfanya apigwe moshi Mwanza aliyafunga kwa hiari yake miaka yote iliyobaki, ule upande wa juu wenye luseni ambako mchanga haushiki maji, kila baada ya hatua chache anaziba mfereji mvua ikae. Nikiwa msichana nilimuuliza baba mbona unafanya yale yale uliyogomea, akanijibu, "Matuta hayakuwa na kosa."

1974 naikumbuka kwa macho yangu, nilikuwa na miaka 10. Operesheni vijiji ilipofika tulitolewa kule kwenye miembe tukaletwa hapa barabarani, paa letu la nyasi lilibebwa na watu likiwa zima, nilidhani ni mchezo mpaka nikamwona bibi yako ameshika jiwe lake la kusagia anakataa kusimama. Shamba la pamba likabaki kule mbali. Baba akawa anatoka jogoo wa kwanza, jembe begani, uji kwenye kibuyu, anarudi giza limeingia, na ule msimu pamba haikukosa palizi hata moja. Miaka miwili baadae na vyama vya ushirika vikafutwa, malipo yakawa yanachelewa mpaka unasahau uliuza nini, ndo akaanza kupunguza pamba na kuchimba majaruba ya mpunga kule kwenye mbuga. Ada zako zote zilitoka kwenye yale majaruba, hilo unalijua.

Mwaka jana mwezi wa nane nilipomleta kliniki tulipita daraja la Kigongo Busisi likiwa na miezi miwili tu tangu lifunguliwe, akamwomba dereva aende polepole. Kilomita tatu zile alikuwa kimya anaangalia maji, alafu akasema hapa hapa tulivuka na mitumbwi, ndama wamefungwa miguu, na dume langu moja jeusi lilizama. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado alikuwa anajua rangi yake.

Kwa hiyo mwambie fundi aandike 1933. Msoma mizani wa 1953 alikuwa kijana wa miaka 20, mimi nasimama hapo na mjomba wako anakubali. Chini ya jina aandike MKULIMA, peke yake, kwa herufi kubwa kama za jina, na marumaru asiweke upande wa miguu, acha udongo, nataka kupanda choroko zake pale.

Ukija uniletee kamba ya manila mita 50. Ile yake ya kunyoosha mistari imekatika mara mbili nimeiunga, na mvua za Novemba ndo hizo zinakuja.

Mama yako