Mnaoanza kupiga hesabu za joto la moto, hebu tuongee

Wadogo zangu, makosa ninayoyaona kwenye hesabu zenu za mnururisho (joto linalosafiri kama miale, bila kugusana) ni yaleyale ya miaka yote. Naandika kwa sababu nawapenda, na pia uvumilivu umeniishia.

1. Kelvini. Najua mnajua, ila kwenye shiti zenu siioni. Shida inaanzia kwenye konduksheni (joto linalopita ndani ya kitu), huko unatoa jotoridi moja kwa lingine na tofauti ni ileile uwe kwenye Selsiasi au Kelvini, basi mkono unazoea. Kwenye mnururisho kila jotoridi linapandishwa kipeo cha nne kwanza ndio unatoa. Juzi kijana kaniletea ukuta wa mbao unaotazamana na moto wa nyuzi 800 za Selsiasi, fakta ya mwonekano (kiasi ambacho ukuta unauona mwali) 0.3, emisiviti (uwezo wa mwali kutoa miale, 1 ndio mwisho) 1. Kaingiza 800 hivyohivyo, mwali ukatoa kilowati 23 kwa mita mraba, ukutani zikafika 7, akaandika "ukuta salama". Grafu zimenyooka, vipimo vyote vipo, kazi ya mtu anayejituma. Nikamwambia jumlisha 273 upate Kelvini, weka 1073. Mwali ukaruka hadi 75, ukutani 22 na ushee, na mbao tunaihesabu inashika kwenye 12.5 cheche ikiwepo karibu. Akanyamaza, akafuta ule mstari mwenyewe bila kubishana, nikamheshimu sana. Lakini ile ripoti ingetoka, kuna watu wangelala nyuma ya ukuta ule.

Na wewe unayetoa jotoridi la mazingira kwanza halafu ndio unapandisha kipeo, nimekuona pia, hapo ungepata 21 badala ya 75.

2. Modeli ya chanzo nukta, inayouchukulia moto wote kama nukta moja, ni ya mbali, ukiwa karibu kuliko mara mbili na nusu ya kipenyo cha moto achana nayo. Na usiingize nguvu yote ya moto jamani, kwenye mnururisho mara nyingi inaenda kama theluthi, kubwa inapanda na moshi.

3. Fakta ya mwonekano haizidi 1. Kitu kikiwa usawa wa katikati ya mwali, kata mwali juu na chini, hesabu kila kipande, jumlisha.

4. Emisiviti mnagombania sana, 0.9 au 0.95. Jotoridi la Kelvini likizidi kwa asilimia 10 tu, joto linazidi kwa 46, kwa hiyo niambie kwanza hiyo 800 umeitoa wapi.

5. Upepo ukivuma mwali unalala, pima umbali kutoka pale ulipolalia.