Msimwite dizaina Jumapili

Simama hapohapo, mleta uzi. Umeandika kwamba mko madevelopa (waandika programu) wanne, hakathoni ya chuo, yaani mashindano ya kujenga programu kwa wikiendi moja, inaanza Ijumaa jioni, na dizaina "atakuja Jumapili asubuhi kutupambia". Hapo ndipo nilipoacha kusoma nikaanza kuandika.

Timu niliyokuwamo ilipanga hivyohivyo. Hakathoni ya bure, chuoni, mlango wazi kwa yeyote. Wazo letu lilikuwa zuri na mpaka leo naliamini: mtu akiona bomba la maji limepasuka, anapiga picha, anatuma, mafundi wanajua pa kwenda. Jioni ile ya kwanza akapita mshauri mmoja kwenye meza yetu, beji ya waandaaji shingoni, akatuambia kwa kujiamini kabisa: "Jengeni mfumo kwanza, sura itakuja baadaye. Majaji wanataka kitu kilichokamilika." Tukamwamini. Mshauri kazi yake si ndiyo hiyo, aaminiwe?

Basi tukajenga. Usajili, nenosiri, barua pepe ya uthibitisho, databesi yenye majedwali yaliyopangika, ngazi za ruhusa za mwananchi, fundi na msimamizi. Fomu ya kuripoti ilidai jina, namba ya simu, mtaa, aina ya bomba, kipenyo cha bomba, maelezo na kiwango cha dharura. Kisanduku kimoja kikibaki kitupu, seva inakataa. Kiufundi ilikuwa kazi safi, na Jumamosi yote iliishia humo.

Jumapili dizaina akafika. Hakuchora chochote. Alichukua simu, akasimama, akabeba mkoba kwa mkono wa pili, akajaribu kuripoti bomba. Akakwama kwenye kipenyo. "Mtu amesimama kwenye maji, ana haraka zake, atajuaje kipenyo cha bomba lililofukiwa ardhini?" Meza nzima kimya. Akaendelea: kwa nini ajisajili? Fundi anahitaji kujua nini ili aondoke alipo? Jibu lilikuwa picha na mahali, basi. Vyote viwili simu inaweza kuvitoa yenyewe. Skrini moja, kitufe kimoja.

Asiyeandika programu atasema futeni visanduku, muendelee. Haiendi hivyo. Kwenye databesi yetu kila ripoti ilifungwa kwenye akaunti ya mtu. Bila akaunti, hakuna ripoti. Ukiondoa usajili, ruhusa zinaanguka, orodha ya fundi inaanguka, arifa zinaanguka. Watu wanne wakaanza kung'oa vitu kwa wakati mmoja kwenye faili zilezile, Git, programu inayounganisha kazi za watu wengi kwenye mradi mmoja, ikalalamika kwamba mabadiliko yanagongana, mmoja wetu kwa uchovu akakubali toleo la zamani, ukurasa wa fundi ukafutika. Saa ya kuwasilisha ikatukuta na nusu ya mfumo wa zamani na nusu ya mpya. Unajua dakika za kuwasilisha zilivyo chache. Zetu ziliishia kwenye ukurasa wa kuingia, ukumbi mzima ukisubiri barua pepe ya uthibitisho ambayo haikufika.

Na yule mshauri? Baadaye alikuja kutuambia kwamba tungemfikiria mtumiaji mapema. Yeye huyohuyo! Hasira hiyo ninayo bado, na sioni sababu ya kuificha. Mtu anayepewa beji ya kuongoza wanafunzi waliotoa wikiendi yao asigawe ushauri ambao hajawahi kuupima.

Nadhani najua ushauri huo umetoka wapi. Moja ya hakathoni za kwanza kabisa kuitwa kwa jina hilo ni ile ya OpenBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, Calgary, Kanada, mwaka 1999. Walikutana wataalamu wachache wa mfumo huo, wakishughulika na programu za usimbaji fiche. Waliokuwa wanajenga ndio walewale waliokuwa watumiaji, kwa hiyo kukaa chini na kuandika moja kwa moja kuliwafaa. Ninyi mnajenga kwa ajili ya watu ambao hawamo chumbani. Kumleta dizaina mwishoni ni kumpima mtu mwili baada ya nguo kushonwa.

Kwa hiyo shikeni hili, mengine yote yasubiri: msiandike mstari hata mmoja wa programu kabla dizaina hajachora njia moja ya mtumiaji kwenye karatasi, na watu watano wasio wa timu hawajaipita kwa kidole. Karatasi moja, skrini moja. Mtu anagusa kitufe kilichochorwa, mmoja wenu anaigiza simu kwa kumwekea karatasi inayofuata. Msimweleze kitu. Akiuliza "hapa nifanye nini?", andikeni alipokwama, mnyamaze. Watano si namba ya kubahatisha. Jakob Nielsen, mtaalamu wa utumikaji wa mifumo, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Na mko chuoni, jamani. Watano mnawapata kwenye korido kabla kikao cha ufunguzi hakijaisha.

Madevelopa hawatakaa bure wakati huo. Wafungue hazina ya pamoja kwenye Git, waweke ukurasa mtupu kwenye seva na kuhakikisha unafunguka kwenye simu ya mtu mwingine, waombe mapema funguo za huduma za ramani (namba za siri zinazoruhusu programu yenu kutumia ramani hizo). Karatasi zikishakubalika, jengeni njia hiyo moja tu toka mwanzo hadi mwisho. Nenosiri mkilikosa, hakuna jaji atakayelia.

Uliuliza pia kazi itakuwa ya nani. Someni kanuni za waandaaji kabla ya kusaini fomu. Na mkiweka mradi GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikishana programu, bila leseni, kuwa wazi kwake hakumpi mtu mwingine ruhusa ya kuutumia atakavyo. Kama mnataka jamii iuendeleze, wekeni leseni huria kama ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha.

Mpigie dizaina leo, aje Ijumaa. Halafu rudi hapa uandike mnataka kutatua tatizo la nani, nitakusaidia kupanga maswali ya kuwauliza hao watu watano.